Mtu wa Kumi na Sita

Tulisoma saikolojia kwa sababu chuo chetu hakikuwa na maabara. Hiyo ndiyo sababu yote, wala sina nyingine ya heshima kuliko hiyo. Kilikuwa chuo cha mtu binafsi, vyumba vitatu juu ya duka la rangi na misumari, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Shauri Moyo, Nairobi, na kilituokota sisi tuliokosa nafasi za kidato cha tano katika shule za serikali. Kemia ilitaka mitungi na gesi. Saikolojia ilitaka mwalimu mmoja, kitabu kimoja na watu wa kuchunguza, na watu ni kitu ambacho Eastlands haijawahi kupungukiwa. Mtihani wenyewe ulitoka ng'ambo na majibu yalirudishwa ng'ambo kusahihishwa. Jambo hilo lilitutia kiburi kidogo, sisi tuliokataliwa hapa hapa nyumbani.

Tulikuwa wanane. Kitabu kilikuwa cha mwalimu na kilizunguka kwa zamu, siku moja kwa kila mwanafunzi, kimefungwa kwa gazeti kisichafuke. Mwalimu alikuwa mtu mpole aliyewahi kusomea ukasisi nje ya nchi akaacha katikati, na alivaa koti moja la kahawia mwaka mzima. Mbali na karatasi mbili za mtihani, kila mmoja wetu alitakiwa kuwasilisha daftari la majaribio aliyofanya yeye mwenyewe kwa watu halisi. Alama za daftari hilo zingeweza kukupitisha au kukuangusha. Mwalimu alitukumbusha hivyo kila Jumatatu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuogopa.

Nilikuwa kifungua mimba, na nyumbani mtihani wangu ulitembelewa kwa kunyata kama chumba cha mgonjwa. Redio ilipunguzwa. Wadogo zangu walifukuzwa nje wakacheze mbali na dirisha. Yai likipatikana lilikuwa langu, na hakuna aliyethubutu kulalamika mbele ya mama. Shida yoyote iliyoingia chumbani mwetu miezi ile ilinyamazishwa mlangoni: “Usimsumbue, ana mtihani.” Nilizoea. Nakiri kwamba niliipenda hali ile, na nilipojifanya kuikataa nilikuwa nasema uongo.

Jaribio langu lilikuwa la kumbukumbu. Unamsomea mtu maneno kumi na matano, polepole. Ukimaliza, anakutajia anayoyakumbuka. Baada ya nusu saa unamrudia na kumuuliza tena, bila kumsomea upya. Unafanya hivyo kwa watu ishirini, kisha unachora grafu. Orodha iliyokuwa kitabuni ilikuwa na theluji na piano. Nikamwambia mwalimu kwamba jirani zangu wataisahau theluji kwa sababu hawajawahi kuikanyaga, si kwa sababu ya ubongo wao. Alitabasamu, akaniruhusu nitunge yangu. Nikaandika: sufuria, daraja, kofia, mkaa, ngazi, chumvi, redio, kamba, embe, kengele, pazia, kuku, msumari, barua, blanketi.

Nilianza na majirani wa mstari wetu wa nyumba. Mtu wa kwanza alikuwa mjane Mwislamu aliyeishi mlango wa pili, aliyekuwa akiuza leso kwa jumla. Alisikiliza akiwa anakunja mzigo wake, akayataja yote kumi na matano. Nusu saa baadaye akayataja yote tena, kwa mpangilio ule ule, kisha akaniuliza kama ningependa aanzie mwisho.

“Umefanyaje, mama?” nikamuuliza.

“Mwanangu, mimi kalamu siijui. Wanawake kumi wananiagiza sokoni asubuhi, kila mmoja rangi yake na maua yake. Nikisahau nitakula nini?”

Dereva wa lori wa nyumba ya kona naye alinitolea macho. “Hii maneno unaandika inaenda wapi? Kama ni kanjo inataka kujua nani analala hapa, andika mimi sipo.” Nilimwapia kwamba daftari si la baraza la jiji, kwamba jina lake haliandikwi popote, kwamba yeye ni namba tisa tu. Hilo lilimtuliza, akataja maneno manane na kulaumu kelele za mtaa kwa yaliyobaki. Nilifurahia kazi ile. Kwa mara ya kwanza maishani watu wazima walikaa mbele yangu wakisubiri niwaambie wamefanyaje, na nilitembea na daftari langu chini ya kwapa kama karani wa mahakama.

Baba alisikia habari, akasema yeye ameachwa nje kwa nini. Akawa mtu wa kumi na sita.

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, kazi iliyowaleta wanaume wengi wa kwetu Ukambani hadi Nairobi. Katika banda lao karibu na soko la Gikomba kila mtu alikuwa na mnyama wake. Kulikuwa na wa twiga, kulikuwa na wa ndovu, na baba alikuwa wa vifaru. Alikaa chini, miguu mbele, kipande cha mti wa muhugu amekibana kati ya nyayo zake mbili, na tezo ikawa inashuka karibu na vidole wala yeye haangalii. Jioni alileta nyumbani vilivyokwisha kuchongwa, mama akavipiga msasa, nasi watoto tukavipaka rangi ya viatu na kuving'arisha kwa kitambaa.

Kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotupofusha. Mimi nilipewa jina la mama mzaa baba, kama desturi ya Wakamba inavyotaka, na kwa hiyo baba aliniita mama tangu nilipokuwa mchanga. Hakuwahi kunichapa, nani humchapa mamake? Aliporudi kazini alinisalimu kwa adabu ya mtoto na kunitania, akiniita mama kwa Kikamba: “Mwaitu, nimerudi malishoni, umeniwekea nini?” Wadogo zangu walicheka, mama alicheka, majirani walicheka. Ulikuwa utani wa nyumba nzima na ulikuwa na umri wangu. Kwa hiyo mwaka ule alipoanza kuniuliza kama mbuzi wameshafungwa, tulicheka vile vile. Aliponiambia siku moja, akiwa karibu kulia, kwamba nilimwacha mtoni peke yake, tulicheka pia, ingawa mimi nilicheka kidogo. Mtu wa watu wasio na desturi hiyo angeshtuka siku ile ile. Sisi tulicheka kwa miezi.

Nilimfanyia jaribio Jumapili mchana, baada ya kanisa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, na mama alikuwa mlangoni akipiga msasa kifaru. Nilisoma maneno yote kumi na matano kisha nikasema, “Haya baba, taja.”

“Chumvi,” akasema. “Kuku.” Akahesabu kwa vidole. “Mbuzi. Kibuyu. Mto.”

“Hakuna mbuzi, baba.”

“Mbuzi hawapo? Wameenda wapi?”

Nikacheka, nikaandika mbili. Nusu saa ilipopita nilimrudia na penseli yangu, nikamwambia anitajie tena yale maneno. Alinitazama kwa upole, uso wazi kabisa, bila utani hata chembe. “Maneno gani, mama?”

Mlangoni mkono wa mama ulisimama. “Amechoka,” alisema bila kugeuka. “Muulize siku nyingine.”

Nilimuuliza Jumapili iliyofuata. Alitaja chumvi peke yake. Nusu saa baadaye aliniuliza kwa nini nimeshika saa ya mkono kama msimamizi wa kiwanda. Mama alichukua msasa wake na kifaru chake, akaenda kumalizia kazi nje, kwenye jua.

Juma lile zamu yangu ya kitabu ilifika. Sura ya kusahau nilikuwa nimeisoma mara mbili, ila mwishoni mwake kulikuwa na ukurasa wa maandishi madogo ambao mwalimu alikuwa ametuambia hautatoka kwenye mtihani. Niliusoma. Ulieleza ugonjwa wa watu wanaosahau ya jana na kukumbuka ya utotoni, wanaopotea kwenye njia waliyoizoea, ambao mikono yao huanza kukosea kazi waliyoifanya maisha yao yote. Ulisema si wazee tu wanaopatwa. Baba alikuwa hajafika miaka sitini. Nilifunga kitabu, nikachukua ndoo nikaenda bombani, na nikakaa kwenye foleni ya maji muda mrefu kuliko ilivyonibidi.

Huo ndio ukweli ninaotaka uandikwe wazi. Sikuwa mtoto asiyejua. Nilijua siku ile, kabla ya daktari yeyote, kwa jina na kwa dalili.

Grafu yangu ilikuwa nzuri isipokuwa mahali pamoja. Nukta kumi na tisa zilikaa pamoja juu, nyingine juu zaidi, nyingine chini kidogo, na nukta moja ilikuwa peke yake karibu na mstari wa chini. Mwalimu aliigusa kwa ncha ya kalamu.

“Huyu namba kumi na sita ni nani?”

“Ni mzee mmoja jirani,” nikasema.

“Alikuwa amelewa?”

“Hapana.”

Mwalimu alifunika kalamu. “Basi chagua. Ukimwacha ndani, lazima umweleze. Nenda kwao, uwaulize watu wa nyumbani ameanza lini, anasahau nini, uandike kurasa mbili. Ukimtoa, tafuta mtu mwingine kabla ya Ijumaa.” Akanirudishia daftari. “Ningekuwa wewe, ningekwenda kumwona huyo mzee. Anaweza kuwa mgonjwa, na huenda hawajui.”

Niliahidi kwenda. Usiniulize kwa nini niliahidi. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya mtihani. Nikimweleza mzee huyo ingenibidi nimuulize mama, na mama akijibu jambo lile lingekuwa limesemwa, na likisemwa lingetaka hospitali, lingetaka wajomba na ami, lingetaka safari za Ukambani, na mimi ningekaa chini ya hayo yote nikijaribu kusoma. Nilihesabu haraka, na katika hesabu yangu baba angeweza kungoja wiki sita. Alhamisi nilimpata mwenzangu wa darasani kwenye ngazi za chuo.

“Sasa, unataka nifanye nini?” akauliza.

“Sikiliza tu maneno.”

Alitaja kumi. Nikachukua raba, nikamfuta baba, nikapuliza vumbi la karatasi, na mahali pake nikamweka msichana wa miaka kumi na tisa. Grafu ikapendeza.

Kuanzia hapo nilijitia hamnazo. Niliona vifaru vya baba vikipungua. Kifaru chake cha kawaida kilikuwa na ukubwa wa mkate. Sasa alileta vya ukubwa wa ngumi, halafu vya ukubwa wa kidole gumba, vyembamba, na pembe kama mwiba. Nilipouliza, mama alijibu haraka kwamba wageni siku hizi wanataka vidogo vya kutia mkobani. Nikaona jibu hilo linatosha. Kila siku vilikuwa vichache zaidi kuliko jana. Tena nilisikia harufu. Muhugu una harufu nzuri ukiungua, tamu, na mabaki yake tuliyatumia daima kuwashia jiko. Lakini wiki zile harufu ilikaa hadi chakula kikaiva, ikaingia kwenye ugali, ikaingia kwenye nguo zangu za chuo, na wenzangu wakauliza natumia mafuta gani. Niliwaambia ni sabuni.

Siku ya karatasi ya kwanza baba alivaa koti na kofia kabla yangu. Alikuwa amenisindikiza siku ya kwanza ya kila shule niliyowahi kusoma na hakukusudia kuacha. Mama naye akajifunga leso akasema ana haja zake mjini, na wakanifikisha wote wawili hadi lango la ukumbi wa mtihani, upande wa pili wa jiji. Nilipotazama nyuma mama alikuwa amemshika mkono. Mama yangu hakuwa mtu wa kushikana mikono na mumewe barabarani. Nililiona hilo pia.

Siku ya karatasi ya pili mama alikuwa na msiba. Mwanamke wa chama chao cha kanisa alikuwa akizikwa, na mama ndiye aliyeshika funguo za stoo ya sufuria za chama. Alinitayarishia chai, akamwambia baba abaki nyumbani. Baba alikuwa ameshavaa.

“Leo baki, baba yake,” mama alirudia.

“Mtoto aende mtihani peke yake? Mimi nimekufa?”

Mama alinitazama. Nadhani alitaka nimkataze mimi, maana mimi alinisikiliza. Ningesema neno moja tu, “Baki, mwanangu,” kwa utani wetu, angeketi. Lakini nilikuwa nikijirudia moyoni hatua za ujifunzaji na sikutaka zikatike. Nikasema, “Twende basi.” Mama akaenda msibani.

Tulipita Gikomba, tukavuka mto, tukapita mabasi ya kwenda Ukambani, na baba akawa ananieleza njia kana kwamba mimi ndiye mgeni. Alikuwa na furaha. Langoni tulifika zikiwa zimebaki dakika nane. Wenzangu walikuwa wameshapanga mstari wakiwa na kadi zao mkononi.

“Sasa mimi niende wapi?” akauliza.

“Nyumbani, baba. Rudi tu na barabara hii hii tuliyokuja nayo.”

“Ndiyo, mama.”

Akavuka. Nilisimama kwenye mstari nikimwangalia. Alipofika njia panda alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavua kofia akaivaa tena. Kisha akakata kushoto. Kwetu kulikuwa kulia. Nilimwona kwa macho yangu mawili, na sauti nilikuwa nayo, na miguu nilikuwa nayo. Nikajiambia anakwenda kumsalimu rafiki yake mmoja. Baba hakuwa na rafiki upande ule. Mstari ukasogea, nikatoa kadi yangu, nikaingia.

Niliandika vizuri siku ile kuliko siku yoyote. Kulikuwa na swali juu ya kusahau, na nililijibu kurasa nne.

Niliporudi nyumbani alasiri hakuwepo. Mama alirudi msibani jioni, akatazama kitanda, akatazama msumari wa kofia. Alichukua leso yake akatoka. Tulitafuta usiku ule na siku mbili zilizofuata. Wachongaji wenzake walifunga kazi wakagawana barabara. Yule mjane wa leso alifunga mzigo wake akatembea nasi hadi viatu vikamkata. Tulikwenda kituo cha polisi, tukaenda hospitalini, na mwisho tukaenda mahali ambapo mtu huenda akiwa ameshakwenda kote.

Siku ya pili, tukiwa mimi na mama peke yetu kwenye barabara ya viwanda, alianza kusema. Alisema bila kunitazama na bila kupunguza mwendo.

“Vile vifaru si vidogo kwa sababu ya wageni. Hajui pa kuachia. Anamaliza, anasahau amemaliza, anaanza tena kuchonga kile kile. Pale bandani wenzake walianza kumcheka, nikamwambia alete kazi nyumbani mapema. Vilivyoharibika nilivitia motoni.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya mvua. Nikasema umalize kwanza mtihani wako.”

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu pa kusema. Barabara ilikuwa tupu, na mwanamke yule alikuwa ameniwekea mzigo wake mikononi. Nilichosema ni, “Pole, mama.” Naona haya mpaka leo kwa maneno hayo mawili.

Alipatikana siku ya tatu katika mabanda ya Mukuru kwa Njenga. Vibarua wa kiwandani walimkuta ameketi kando ya ukuta wa mabati, bila koti, bila kofia, bila viatu. Mwanamke mmoja wa pale alikuwa amempa uji siku mbili na kumuuliza kwao ni wapi, naye akawa anataja kijiji cha utotoni mwake na kusema ng'ambo ya mto pale. Unyayo wake wa kulia ulikuwa umechomwa na kitu chenye kutu na umevimba hadi kwenye goti. Hospitalini walijaribu kwa juma zima. Kisha wakaukata mguu chini ya goti, na nilipoambiwa, kitu cha kwanza nilichokiona akilini ni zile nyayo mbili zikiubana muhugu.

Ndugu zake wawili walikuja kutoka Ukambani Jumapili iliyofuata, baba mkubwa na baba mdogo. Waliketi kwenye viti, mama kwenye kigoda, na mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Baba alikuwa bado wodini. Baba mkubwa hakuwa mtu mkali, na hilo lilifanya iwe vibaya zaidi. Alimuuliza mama kwa utaratibu: aliona nini, aliona lini, alimwambia nani. Mama alijibu yote. Alieleza vifaru na alieleza moto.

“Mficha maradhi kilio humuumbua,” baba mkubwa alisema. “Ulimficha mtu wetu. Tungemchukua akae nyumbani kwa watu anaowajua, asingetembea hivi kama mbuzi aliyekata kamba. Shemeji, umetukosea sana.”

“Nimekosa,” mama akasema.

“Na ni nani mwingine alijua humu ndani?”

Mama aliinua kichwa. Alikuwa mlangoni zile Jumapili mbili, alisikia chumvi, alisikia kuku, alisikia “maneno gani, mama.” Aliniona nikiandika. Sijui kama aliwahi kufungua daftari, lakini hakuhitaji kulifungua.

“Ni mimi peke yangu,” alisema. “Watoto walikuwa wakisoma.”

Nilimwongezea baba mkubwa chai. Sikumwaga hata tone, na ningependa kusema nilimwaga.

Walimchukua baba alipotoka hospitalini, na wakaamua atatunzwa na mke wa baba mdogo, maana mama alikuwa ameonyesha utunzaji wake. Mama alikwenda kumwona kila alipoweza, akawa anapewa kiti nje kama mgeni. Matokeo yalikuja kutoka ng'ambo. Nilifaulu, na mwalimu aliniambia daftari langu ndilo lililonibeba. Hakuuliza tena habari za yule mzee jirani. Nikapata nafasi ya kusomea ualimu.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kijijini, wakati wa mahindi. Usiku wa matanga baba mkubwa alinipa karatasi na kalamu, akasema historia ya marehemu niiandike mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Asubuhi nikasimama mbele ya watu na mchungaji, nikaisoma. Nilisoma alipozaliwa, alipobatizwa, kazi ya mikono yake iliyofika nchi ambazo yeye hakuziona. Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo huandikwa kila mahali, nami nilikuwa nimeiandika bila kusita: kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mama walikuwa wamemketisha nyuma, karibu na wapishi. Aliposikia maneno hayo aliinua macho akanitazama hadi nikashusha ya kwangu kwenye karatasi, na watu waliposema amina, naye akasema amina.